Kijana hushika mausi, mimi natazama, na mtihani wa vitendo umebaki wiki sita

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 44, mtunza stoo katika taasisi moja ya umma huku Kanda ya Ziwa. Leja, bini kadi, hati za kupokelea na kutolea mali, hivyo ndivyo nilivyokulia kikazi. Tangu manunuzi ya serikali yahamie kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST mwaka 2023, mkuu wangu amekuwa akisema waziwazi kwamba mtu wa stoo asiyejua kompyuta atabaki na funguo tu mkononi. Nikaomba ruhusa, nikaja chuo kusoma stashahada ya ununuzi na ugavi. Ada analipa mwajiri, kwa miaka miwili.

Masomo mengine nayamudu, na la kutunza mali ghalani naongoza darasa. Kinachonitesa ni somo la stadi za kompyuta. Maabara ina kompyuta chache kwa darasa letu, kwa hiyo tunakaa wawili wawili. Mwenzangu ni kijana wa miaka 20, ananiita mama, ana adabu sana. Siku ya kwanza nilipokuwa nahangaika kufungua folda alisema, "Mama, ngoja nikusaidie," akachukua mausi. Mpaka leo mausi iko kwake. Mimi nasoma maelekezo kwa sauti, yeye anafanya.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuandika barua ya kikazi. Niliitunga mwenyewe kwa mkono, nikaipeleka steshenari wakanichapia. Zoezi la pili, la Excel, kijana alilifanya lote, mimi nikaweka jina tu. Kazi za muhula zina alama 40, nimeandikiwa 31. Darasani wananisifu. Mtihani wa mwisho una alama 60, nusu nadharia na nusu vitendo. Kwenye vitendo kila mtu anakaa peke yake kwa saa moja na nusu: barua yenye jedwali kwenye Word, hesabu za stoo kwenye Excel, halafu usevu kwenye flashi kwa namba yako ya mtihani.

Kijana ameniambia nisiwe na wasiwasi, atakaa kompyuta ya jirani, akimaliza atanipenyezea flashi yake. Sikumjibu. Usiku sikulala.

Nimefikiria kumwendea mwalimu, lakini ni kijana rika la mwanangu wa kwanza, na akijua zile 31 zimepatikanaje sijui atanifanya nini. Nimefikiria pia kuliahirisha somo. Na kuna fundi anauza laptopu iliyotumika kwa 450,000. Hela hiyo ninayo, imetoka kwenye kikoba, lakini niliiweka kwa ajili ya mahitaji ya mwanangu anayeingia kidato cha tano. Mume wangu anasema kompyuta ni mambo ya watoto, nisipoteze hela.

Nikikaa mbele ya ile mashine mkono unatetemeka. Naogopa kuharibu. Nikitazama kioo kwa muda kichwa kinauma. Nifanyeje?

Mama wa Leja

*

Dada yangu Mama wa Leja,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma kwa kutenganisha mambo ambayo wewe umeyafunga pamoja. Moja ni kwamba hujaiweza kompyuta na wiki zilizobaki ni sita. La pili ni alama ambazo moyoni unaona si zako zote. La tatu ni hela ya kikoba na maneno ya nyumbani. Yote yamekukalia kichwani kama tatizo moja kubwa, na ndiyo maana usiku unakuwa mrefu. Ukiyatenganisha, utaona la kwanza lina kazi ya kufanya kesho asubuhi, hata kabla hujaamua lolote kuhusu mengine.

Unasema huwezi kompyuta. Nakuuliza: umewahi kuijaribu? Kwa maelezo yako, tangu siku ya kwanza mausi imeshikwa na mtu mwingine. Kijana huyo hakukudharau. Amelelewa kumpokea mama mzigo, na alipokuona unahangaika akakupokea mausi kama angekupokea kikapu sokoni. Shida ni kwamba somo lenyewe lilikuwa ndani ya kile alichokupokea. Hata mwalimu huenda anakuamkia shikamoo na kuona haya kukurekebisha mbele ya watoto. Heshima ya watu wote hao imekuacha bila mazoezi. Kwa hiyo ninachokiona kwenye barua yako ni mtu asiyefanya mazoezi, na bado hatujui kama ni mtu asiyeweza.

Halafu kuna dhana kwamba hao vijana wanajua. Wengi wanajua simu. Mwambie kijana wa miaka 20 atafute faili alilosevu wiki iliyopita kwenye kompyuta ya maabara uone atakavyozunguka. Wanachokuzidi ni kutoogopa kubonyeza.

Na hofu ya kuharibu, tuiangalie kwa macho makavu. Kibodi na mausi haviwezi kuiunguza kompyuta. Ukifuta maandishi kwa bahati mbaya, bonyeza Ctrl na Z, yanarudi. Dirisha usilolielewa likijitokeza, bonyeza Esc. Kinachopotea kweli ni kazi, na hupotea kwa njia zinazojulikana. Umeme unakatika na hukusevu, ndiyo maana Ctrl na S ibonyezwe kila baada ya mistari michache, kama unavyoweka saini kila hati kabla mali haijatoka stoo. Flashi inachomolewa faili likiwa bado linaandikwa. Au unasevu kwenye kompyuta ya maabara ukidhani umesevu kwenye flashi, na maabara nyingine zimewekewa programu inayofuta kila kilichoongezwa mashine ikiwashwa upya. Kwenye mtihani hilo la mwisho ndilo huwaliza watu. Kinga yake ni kitufe cha F12, ambacho kwenye Word na Excel hufungua dirisha la "Save As" (kwenye baadhi ya laptopu hushikwa pamoja na Fn). Soma upande wa kushoto, chagua flashi kwa jina lake, andika namba yako, sevu. Kisha funga programu kabisa na ulifungue faili kutoka kwenye flashi. Likifunguka, limo.

Kuhusu folda iliyokushinda siku ya kwanza, nadhani najua kilichotokea. Kubofya mara mbili hushindikana kwa sababu mkono unaisogeza mausi kidogo kati ya bofyo la kwanza na la pili, au unachelewa. Ukichelewa juu ya jina, jina linageuka bluu na kompyuta inakusubiri ulibadilishe. Mgeni huona ameharibu kitu. Bonyeza Esc, yamekwisha. Halafu achana na kubofya mara mbili: bofya mara moja, kisha bonyeza Enter. Folda itafunguka ileile, na hakuna msahihishaji atakayekukata alama kwa hilo.

Sasa nije kwenye Excel, maana hapo ndipo naona unajidhulumu. Umeandika kwamba umekulia kwenye leja. Zoezi la stoo kwenye Excel ni leja hiyohiyo. Kolamu A tarehe, B maelezo, C kilichopokelewa, D kilichotolewa, E salio. Tuseme ni rimu za karatasi na salio anzia ni 120: andika 120 kwenye seli E2. Mstari wa 3 umepokea 50, ziandike C3. Kwenye E3 andika =E2+C3-D3, bonyeza Enter, utaona 170. Mstari wa 4 umetoa 35, mstari wa 5 umetoa 20. Ziandike D4 na D5. Sasa usirudie kuandika fomula. Chagua kuanzia E3 hadi E5, bonyeza Ctrl na D, nayo itajinakili kwenda chini ikibadilisha namba za mistari yenyewe. Utapata 135 na 115. Hakiki kwa kikokotoo kama ulivyozoea. Yule kijana anaweza kuiandika fomula hiyo kwa sekunde tano, lakini mwulize kwa nini salio la jana ndilo linaloanzia leo. Wewe hilo halihitaji kufundishwa.

Yapo yatakayokukwama, na ni vyema uyajue mapema. Ukiandika "50 rimu" ndani ya seli ya C3 badala ya 50, Excel huyachukulia kuwa maneno, na salio litaonyesha #VALUE!. Kwa kuwa kila salio linategemea la juu yake, kosa hilo litashuka kolamu nzima. Usihangaike na yote, tafuta la juu kabisa ulirekebishe, mengine yatapona. Hatari zaidi ni pale unapojumlisha kwa =SUM(C3:C12). Hiyo haipigi kelele. Inaiacha "50 rimu" kimyakimya na kukupa jumla pungufu ambayo inaonekana safi. Namba halali huegemea kulia ya seli na maneno huegemea kushoto. Tazama mwegemeo kabla ya kuamini jumla. Alama za #####, ambazo huwatisha wengi, mara nyingi zina maana tu kwamba kolamu ni nyembamba. Na tarehe: kompyuta nyingi za maabara zimeachwa na mpangilio wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi. Ukiandika 3/4/2026 ukimaanisha Aprili, yenyewe inasoma Machi 4. Andika 3-Apr-2026, hapo haibishani.

Kwenye Word una deni dogo zaidi, kwa sababu barua umeshaitunga mwenyewe. Usibonyeze Enter mwishoni mwa kila mstari kama kwenye taipureta, ni mwisho wa aya tu. Usisogeze anwani kwa kugonga nafasi mara thelathini, itaonekana sawa kwenye kioo na kupinda kwenye karatasi. Tumia vitufe vya kupanga kulia na kushoto. Mistari myekundu chini ya Kiswahili chako haisemi umekosea. Word inakisoma kama Kiingereza kibovu.

Wiki sita zinatosha? Inategemea utazigawaje. Nusu saa kila siku huzaa zaidi kuliko saa nne za Jumamosi, kwa kuwa vidole hujifunza kwa kurudia na kulala. Anza na kibodi: vitufe vya F na J vina vinundu vidogo, vidole vya shahada vikae hapo. Huhitaji kasi. Saa moja na nusu kwa barua ya ukurasa mmoja na jedwali ni muda mrefu kwa mtu asiyetafuta kila herufi. Ulizia maabara inafunguliwa saa ngapi nje ya vipindi. Na pale steshenari unapolipia kuchapiwa, waulize wanatoza kiasi gani ukikaa wewe kwenye mashine kwa saa nzima. Huenda hela uliyokuwa ukitoa kwa kurasa chache ikakutosha.

Kijana usimwache. Mwambie hivi: "Mwanangu, kaa hapa, lakini mikono yako weka mfukoni. Niambie kwa mdomo." Atapata tabu kuliko wewe. Ukikwama kwa dakika tatu ndipo aonyeshe, kisha avuruge alichofanya na wewe urudie kuanzia mwanzo.

Hilo linanileta kwenye flashi ya mtihani. Unasema hukumjibu, na usiku hukulala. Nadhani usingizi wako umeshasema kitu. Mimi nitakuongezea tu mambo ya kupima. Mafaili huweza kubeba jina la aliyeyatengeneza na saa yalipotengenezwa, na mwalimu wa kompyuta anajua pa kuangalia. Likibainika, anayeitwa kwenye kamati si wewe peke yako. Yeye ana miaka 20, hana kazi ya kurudia wala mwajiri. Na likipita salama, utarudi ofisini ukiwa na cheti kinachosema unajua, mbele ya mkuu atakayekukalisha kwenye mashine wiki hiyohiyo. Kukaa kimya nako kijana anaweza kukuhesabu kuwa ni ndiyo. Huenda ni haki yake ajue mapema.

Kuhusu alama 31, sioni kama mazoezi mawili yana uzito mmoja. Barua uliitunga, kilichofanywa steshenari ni kuchapa. Hata hivyo, kama maelekezo yalitaka ujuzi wa kuchapa upimwe, basi hilo lina neno. La Excel hukulifanya, na unalijua. Kabla hujaamua lolote, soma kitabu cha kanuni za wanafunzi ulichopewa ulipojiunga: wanasemaje kuhusu kazi iliyofanywa na mwingine, na adhabu inaanzia wapi? Angalia pia kama vitendo vina alama yake ya chini ya kufaulu. Vyuo vingine hutaka ufaulu kila kipande, na hapo 31 haziwezi kukubeba hata zikibaki.

Kwenda kwa mwalimu kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Unaweza kwenda kuomba msaada: "Mwalimu, kwenye maabara sijawahi kushika mausi mwenyewe, naomba nipate kompyuta ya peke yangu hata kwa nusu saa." Hayo ni maneno ya kweli na hayakushtaki. Mwalimu mwenye busara ataelewa mengi bila kuuliza. Au unaweza kwenda kueleza zoezi la Excel lilivyofanyika na kuomba ulirudie. Hiyo ni nzito zaidi. Inaweza kukupunguzia alama au kukufikisha kwenye ofisi ya taaluma, na inaweza pia kukuondolea mzigo ambao naona umeanza kukuelemea. Inamgusa na kijana, hivyo si haki aisikie kwa mwalimu kwanza. Umri wa mwalimu usikuzuie sana. Ofisini umewapokea maafisa wadogo kwako wakikagua stoo yako, na uliwafungulia leja.

Kuahirisha ni njia halali pia, ila iulizwe kwa msajili kabla ya tarehe ya mwisho ya usajili wa mitihani. Somo hili litafundishwa tena lini, muhula ujao au mwaka ujao? Alama za muhula zitahamishwa au zitaanza sifuri? Na barua ya mwajiri inasemaje ikiwa hutamaliza ndani ya miaka miwili? Jibu la swali la tatu linaweza kuifunga njia hii, au kuifanya iwe rahisi kuliko unavyodhani. Linganisha pia na kufanya mtihani, kushindwa vitendo na kurudia kwa utaratibu wa kawaida wa chuo; kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo nafuu.

Laptopu. Siwezi kukupangia hela ya mtoto wa kidato cha tano, na sitajifanya kwamba neno la mumeo halina uzito ndani ya nyumba yenu. Naona tu anazungumzia kompyuta kama mchezo, wakati mkuu wako anaizungumzia kama kazi yako. Je, maneno ya mkuu ameyasikia kama ulivyoniandikia mimi? Kama mtafikia kununua, usinunue kwa kutazama rangi na usafi tu. Bofya kulia kwenye "This PC", chagua "Properties", usome. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8. Kichakataji (processor) cha Intel kikiandikwa i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane. Kuanzia hapo Windows 11 inakubali. Ikiandikwa i5-6300U ni kizazi cha sita, nayo itabaki Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Itafanya kazi, ila bei ishuke. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia "Performance", uone kama diski ni SSD, aina yenye kasi zaidi. Chomoa chaja, iache iwake nusu saa huku ukigonga kila kitufe. Angalia pia Z na Y: mashine zilizotoka Ujerumani zimebadilishana herufi hizo, na ukizizoea utakosea kwenye kibodi ya maabara. Kama haina Word na Excel, LibreOffice ni bure na fomula ya salio niliyokupa inafanya kazi vilevile.

Kuna njia ya katikati. Simu nyingi za Android hukubali waya mdogo wa OTG, ambao huchomekwa kibodi na mausi ya kawaida. Kwa simu yako na programu ya bure ya majedwali utafundisha vidole na fomula bila kugusa kikoba. Haitakufundisha mahali vitufe vya Word vilipo kwenye kompyuta, kwa hiyo maabara bado utaihitaji.

Na hicho kichwa kinachouma, ulichokitaja kwa kupita: miaka 44 ndiyo umri ambao macho mengi huanza kukataa maandishi ya karibu. Je, simu unaisoma kwa kuinyoosha mkono? Kapime macho kabla ya wiki kuisha, inawezekana nusu ya "kutoweza" iko hapo. Kwa sasa shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la mausi, maandishi yatakua kwenye kioo tu bila kubadilika kwenye karatasi. Usikuze kwa kubadilisha saizi ya herufi kuwa 20, kwa sababu hiyo itachapika hivyohivyo na alama zitakatwa.

Mshauri wako